Uzito wa Ekseli ya Nyuma

Jumanne, Septemba 3

Naanza kuandika leo kwa sababu watu wa nyumba hii wana tabia ya kugeuza maneno. Jambo wanalolisema Jumatatu, Ijumaa wanalikana. Shule niliiacha darasa la nane ili niwapikie wavunaji, lakini kalamu najua kuishika, na macho yangu hayajahitaji mtu wa kuyaongoza.

Mambo yalivyo ni haya. Daktari wa Great Falls amesema mapafu ya mume wangu Orvin hayawezi kuumaliza msimu mwingine wa baridi hapa. Miaka arobaini ya vumbi la ngano imo kifuani mwake. Usiku analala na mashine ya oksijeni, mrija puani. Basi tunakwenda jangwani Arizona mpaka Aprili, kama nusu ya wazee wa Montana. Tumenunua nyumba ya mgongoni kwa mjane wa jirani yetu Halvor. Ina kitanda, jiko, choo na meza, na yote inaingia kwenye bodi ya pikapu yetu, gari linaibeba kama konokono. Nitaendesha mimi. Kupita mlima Monida ni lazima kabla theluji haijaufunga, na siku tuliyopanga ni Oktoba 14.

Mwanetu Lyle, anayelima shamba siku hizi, anasema tusiwe na wasiwasi, kila kitu kitakuwa sawa. Lyle akisema hivyo mimi ndipo naanza kuangalia vizuri.

Septemba 4

Jumatano. Kanisani na kina mama, kama kila wiki, kufunga mablanketi ya viraka kwa nyuzi. Nyuzi alizoleta Gladys zinakatika kama tambi.

Septemba 6

Leo tumeipakia nyumba. Lyle alirudisha gari chini yake taratibu, Orvin akielekeza kwa mkono kwa sababu sauti haifiki. Nyumba ilipotua, matairi ya nyuma yalibonyea mpaka nikacheka. Orvin hakucheka. Akasema, "Twende kwa Duane."

Duane Kessel ndiye mwenye duka la matairi na betri mjini. Baba yake aliwahi kutuuzia mashine ya kupandia iliyopanda mistari miwili na kuruka wa tatu. Sijasahau.

Alilizunguka gari mara mbili, akachuchumaa nyuma kama mtu anayetafuta sarafu.

"Mama Tveit, haya matairi yatupe."

"Yatupwe kwa lipi? Tazama meno yake. Hata nywele zake za mpira bado zipo!"

"Meno hayana neno. Soma hapa ubavuni. Hizi tarakimu nne za mwisho. Sifuri saba, sifuri nne. Wiki ya saba, mwaka elfu mbili na nne. Yana miaka tisa. Mpira umekauka ndani."

"Gari limekuwa likienda kanisani na dukani tu."

"Ndiyo, na limesimama juani siku zilizobaki."

Nikasema haya, nipe mapya ya saizi ileile. Akatikisa kichwa. Anataka ninunue makubwa, ya malori madogo ya mizigo, pamoja na rimu zake, kwa sababu hayaingii kwenye rimu zangu. Nikamwambia mimi nimesomba ngano msimu baada ya msimu, lori limejaa mpaka linamwagika, matairi yamelala chini kama mbwa aliyeshiba, na sikupasua hata moja.

"Mama, hapo ni maili nane mpaka ghalani, mwendo wa trekta, unafika unamwaga mzigo. Huku ni maili elfu moja na zaidi, lami ya moto, na mzigo haushuki kamwe."

Nimemjibu kwamba namjua baba yake.

Septemba 7

Nimechukua miwani ya kusomea nikalala chini ya gari nijionee. 0704 ipo kweli. Basi hapo hakudanganya. Lakini mtu anaweza kusema kweli moja ili uongo wa pili upite.

Ubavuni pia kumeandikwa tairi moja mwisho wa kubeba ni ratili 3,042. Mawili ya nyuma ni 6,084. Hesabu hiyo haihitaji chuo.

Septemba 9

Ngano imekwisha kuingia, mizani ya ghala haina kazi, na huu ndio wakati watu wa hapa hupima magari yao ya safari. Tumejaza maji, gesi, mafuta, vyakula vyangu vya chupa, sufuria za chuma, mimi na Orvin tumekaa ndani. LaVonne wa mizani akatoa kichwa dirishani.

"Ardis! Umekula nini asubuhi?"

"Nilichokula hakikuhusu. Soma mizani."

Ekseli ya nyuma: 5,980. Akanipa karatasi. Chini ya 6,084 na ratili mia zinabaki juu. Nimeikunja karatasi nikaitia kwenye Biblia.

Septemba 10

Nilimpelekea Duane ile karatasi nikaiweka juu ya kaunta kama mtu anayeweka karata ya ushindi. Orvin alikuja nami.

Duane akaisoma. Kisha, hili naliandika kama nilivyoliona, akamtazama Orvin. Orvin akatazama kalenda ukutani. Duane akasema polepole, "Mama Tveit, hata mizani iseme nini, chukua makubwa."

"Hata mizani iseme nini? Sasa mizani ya kazi gani?"

"Vitu vya safari huongezeka. Pima tena karibu na kuondoka, utaona."

Kwenye gari nikamuuliza Orvin, "Yule amekutazama kwa nini?"

"Nani?"

"Orvin, usinifanye mtoto."

"Ana macho, Ardis. Atayatazamisha wapi?"

Kuna kitu hapa.

Septemba 11

Mablanketi. Niliporudi kulikuwa na tope kwenye ngazi ya nyumba ya mgongoni. Kiatu kikubwa. Orvin anasema hajui.

Septemba 13

Baridi ya kwanza imeua nyanya zote. Orvin ameshinda karakana tangu kifungua kinywa, mlango umefungwa kwa ndani. Anasema anatengeneza vitu. Nimesimama nje nikasikiliza muda mrefu. Nyundo haikugonga hata mara moja.

Septemba 16

Upepo. Karakana tena.

Septemba 19

Nimekwenda kupima tena, peke yangu, kwa lengo moja tu, la kumnyamazisha Duane. Nilimkalisha LaVonne kwenye kiti cha abiria badala ya Orvin, maana wanakaribiana uzito ingawa hakupenda nilipomwambia. Mwenzake ndiye aliyesoma. Maji yaleyale, gesi ileile, chupa zilezile, nilizihesabu.

6,240.

Nikamwambia arudie. 6,240. Nimeongezewa ratili mia mbili na sitini na sikutia ndani hata kijiko!

"LaVonne, mna undugu na Duane?"

"Mke wake ni binamu yangu. Kwa nini?"

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana ya nini? Ardis Tveit, mizani hii imepima ngano ya kaunti nzima mwaka huu, mtu hajalalamika ila wewe!"

"Wasiolalamika labda mliwapima vibaya pia."

Ameshuka bila kuniaga. Sawa.

Septemba 20

Nimeendesha maili thelathini mpaka mizani ya jalala la kaunti, ambako hakuna anayenijua. Kijana wa pale niliyemkalisha mahali pa Orvin alikuwa mwembamba, nikaweka gunia la viazi juu yake kufidia. 6,250.

Mizani mbili haziwezi zote kuwa binamu za mke wa Duane.

Nimekaa jikoni nikatafakari. Mizani haidanganyi, mimi sikuongeza kitu, basi kuna mwingine anayeongeza. Na kwa uzito huu matairi ya saizi yangu yamepitwa. Kama ningenunua yale niliyoyataka tarehe 10, nikaamini ile karatasi, ningekuwa naendesha juu ya mabomu mawili. Anayeongeza anajua hilo au hajui? Sijui lipi ni baya zaidi.

Septemba 25

Mablanketi. Niliporudi Lyle alikuwa anaondoka, anapunga mkono kwa furaha ambayo hana kwa kawaida.

Septemba 28

Theluji kidogo, imeyeyuka kufikia mchana. Redio inasema Monida kuna barafu asubuhi. Orvin amekonda. Anakula huku ananitazama kama ninayehesabu matonge. Nahesabu kweli.

Oktoba 3

Theluji ya pili jana. Leo nimerudi kwa LaVonne. Sikumwomba radhi ila nilimpelekea mkate wa viazi, akaelewa. Orvin nilimbeba safari hii, mpaka nilimlazimisha.

6,510.

LaVonne hakutania. Akaniuliza, "Ardis, mnahama?"

Nilimgeukia Orvin. Alikuwa amefumba macho kama aliyelala, na Orvin hajawahi kulala ndani ya gari nikiwa naendesha mimi. Huwa anashika mlango.

Neno hilo la LaVonne limenikaa. Mnahama? Lyle amekuwa akisema nyumba hii kubwa ni kubwa mno kwetu. Mke wake alipokuja Agosti alipima madirisha ya sebule kwa kamba, eti mapazia ya zawadi. Kila ongezeko linakuja baada ya Jumatano, mimi nikiwa kanisani. Nafikiri wananihamisha kidogokidogo. Watanipeleka jangwani, na Aprili nikirudi nitakuta mapazia ya mtu mwingine.

Oktoba 4

Nimeikagua nyumba ya mgongoni. Makabati: vitu vyangu. Chini ya kitanda: vitu vyangu. Chini ya benchi la meza, pale nyuma kabisa, kifuniko kimefungwa kwa skrubu sita mpya zinazong'aa. Halvor marehemu hakuwahi kuweka skrubu inayong'aa maishani mwake.

Bisibisi zote ziko karakana. Karakana imefungwa.

Sikuuliza. Ukimuuliza mtu anayeficha, unampa nafasi ya kuhamisha.

Oktoba 7

Siku saba zimebaki. Matairi ni yaleyale ya miaka tisa. Duane amepiga simu mara mbili. Mara ya pili akasema, "Mama Tveit, nimekuwekea yale makubwa pembeni. Tafadhali."

Mfanyabiashara anayesema tafadhali. Nimekata simu.

Oktoba 9

Nimekaa mezani niandike yote kabla hayajapoa.

Saa nne asubuhi nilivaa koti la kanisani, nikachukua kikapu cha nyuzi, nikamwambia Orvin nakwenda. Niliendesha gari letu dogo mpaka nyuma ya mistari ya miti ya kuzuia upepo, nikaliacha hapo, nikarudi kwa miguu shambani, kwenye mabua, na viatu vya kanisani. Miaka sabini na tatu, nanyemelea nyumba yangu mwenyewe kama mwizi wa kuku.

Lyle alikuwa anapanda ngazi ya nyumba ya mgongoni amekumbatia kitu kizito cheusi. Alinigeukia nusura akiangushe.

"Mama! Si uko kanisani?"

"Leo hatufungi. Weka chini hiyo."

"Ni betri tu, mama."

"Naona ni betri. Sikuuliza jina lake. Nauliza inakwenda wapi."

Ndipo nikasikia mlio. Mlio ule wa mashine ya oksijeni, ninaoujua usiku, na ilikuwa mchana kweupe. Unatoka karakana, mlango uko wazi. Orvin alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mrija puani, mashine ya pili, nisiyopata kuiona, iko miguuni pake. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zabibu.

"Lyle," akasema, "nenda kanyweshe ng'ombe."

"Ng'ombe gani, baba? Tuliuza wote."

"Basi nenda tu."

Lyle akaenda. Nilivuta ndoo nyingine nikakaa mbele yake. Sikuwa na hasira bado. Hasira ilikuwa njiani inakuja.

"Saa ngapi kwa siku?"

"Usiku."

"Orvin."

"Usiku, na mchana kidogo."

"Mchana kidogo ni saa ngapi?"

Akatazama nje kwenye mabua.

"Zote," akasema.

"Tangu lini?"

"Julai."

Tangu Julai mtu huyu anatoka mezani, anavuka uwanja bila mrija ili nimwone anatembea, anajifungia humu na kupumua. Na mimi nikisimama nje nasikiliza nyundo. Mashine ilikuwa nyuma, chini ya blanketi la farasi, upepo unavuma, sikuisikia.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeniweka Great Falls. Kwenye kile chumba chenye dirisha linalotazama magari yaliyoegeshwa. Ungekuja kila siku na supu. Nisingeiona Aprili, Ardis. Unajua hivyo."

Najua chumba hicho. Dada yangu Signe aliwekwa humo Novemba, Januari tukamzika.

"Na hizo betri?"

"Jangwani hakuna umeme. Betri nne zingetosha kwa usiku tu. Lakini daktari alisema saa zote, ikabidi nane, na jenereta ndogo ya kuzijaza."

"Na hiyo aliyokumbatia Lyle?"

"Ya akiba."

Hapo ndipo hasira ilipofika. "Ya akiba! Umenipakilia ratili mia tano na thelathini nyuma kabisa, mimi nashika usukani, na tairi ningenunua madogo kwa karatasi ya uongo! Tungepasukia mlimani! Ungekufa kwa kuanguka badala ya kukosa pumzi, hiyo ndiyo nafuu?"

"Nilimwambia Duane asikuuzie madogo."

"Ulimwambia Duane."

"Betri nilinunua kwake. Ilibidi ajue."

"Duane anajua. Lyle anajua. Daktari anajua. Mke wako unamwachia mizani imwambie!"

Alitaka kujibu, pumzi ikamwishia, akanyoosha mkono nisubiri. Nikasubiri. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Nimeolewa naye miaka hamsini na moja, na sikuwahi kukaa nikatazama mpaka pumzi yake irudi.

Iliporudi akasema, "Niliogopa."

"Mlima?"

"Wewe."

Mimi ni mtu wa kusema nilichokiona, na nilidhani hilo linawafanya watu waniambie kweli. Kumbe mume wangu mwenyewe alikaa miezi mitatu kwenye ndoo.

Nimempigia simu muuguzi wa Great Falls mimi mwenyewe. Nimeuliza kila kitu. Akasema mwinuko wa Monida ni mbaya kwake lakini ni saa chache, apandishe kipimo cha mashine, tusilale juu, tuteremke. Nikamuuliza na akibaki hapa? Akasema, "Mama, msimu wa baridi huku ni mrefu."

Tunakwenda.

Oktoba 10

Nilimkuta Duane anapuliza tairi la trekta.

"Ulijua."

Akafunga hewa. "Aliniapisha, Mama Tveit."

"Na mimi nilikuita mwizi mji mzima."

"Nilisikia. Uliwaambia mpaka wa benki."

"Kama nilikosea nilikosea. Lakini mashine ya baba yako iliruka mistari."

"Iliruka," akasema. "Hata kwetu iliruka."

Nikamwambia, haya, nifundishe, na usiruke kitu. Kila tairi kubwa linabeba ratili 3,640. Mawili ya nyuma 7,280. Tukitoa 6,510 inabaki nafasi ya kutosha kwa mtu kupiga chafya. Ubavu wake ni mgumu, nyumba haitayumba kila lori likitupita. Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kipimo na si kwa teke. Kila maili mia nisimame niweke kiganja, na moja likiwa na moto kuliko mwenzake nisiendelee. Nikamwonyesha rimu za zamani, akazichukua. Ametia yote; nikataka kumlipa sita na la akiba, maana aliniuliza kama nyuma nataka mawilimawili, ingawa nilisema gari hili halina nafasi hiyo. Kisha akacheka akasema nimehesabu vibaya, ni manne na la akiba, matano. Sawa, matano. Nilihesabu na mawazo yangu.

Tarakimu ubavuni: 2913. Za Julai mwaka huu. Nilisoma kila moja kabla hajafunga nati.

Oktoba 11

Tumetoa sufuria za chuma, cherehani, na chupa zote isipokuwa kumi na mbili za pichi. Lyle amehamisha betri nne mbele, karibu na ukuta wa gari, kama Duane alivyosema, uzito usininginie nyuma. Skrubu za kifuniko nimezitoa. Sanduku hilo sitaki lifungwe tena.

Nilimuuliza Lyle juu ya mapazia. Ni mapazia. Yamekuja leo kwa posta, ya maua, mabaya sana. Nimeyatundika.

Oktoba 12

LaVonne: nyuma 6,190, mbele sawa. Ameniandikia kwa kalamu nyekundu na kuchora moyo. Mwanamke wa miaka sitini.

Oktoba 14, kituo cha mapumziko juu ya Monida

Tumeondoka alfajiri ilipopambazuka. Theluji iko pembeni tu, lami nyeusi na kavu. Nimesimama mara tatu. Matairi manne, kiganja changu, yote vuguvugu sawa kama mikate ya sufuria moja. Malori makubwa yanatupita na gari halitikisiki.

Mashine iko kati yetu kwenye kiti, inanguruma mbele ya kila mtu. Hapa juu hewa ni nyembamba hata kwangu. Nimezima gari, nikamgeukia.

"Unapumuaje?"

Aliangalia mbele, upande barabara inakoshukia. Nilidhani atanipa jibu la adabu.

"Vibaya," akasema. "Vibaya sana, Ardis. Teremka."

Nikafunga mkanda wangu. Naandika haya haraka, na ninateremka.